Sura ya Sita: Faili Iliyofutwa Hurudi Vipi?

Faili iliyofutwa, na pipa la taka la kompyuta likamwagwa, inaweza kurudi? Swali hili huulizwa kwenye saiba za Sirisia na Malakisi na kwenye maduka ya kompyuta ya Bungoma na Kitale. Mara nyingi muulizaji ameshika flashi mkononi na hana hakika hata alichobofya. Jibu fupi ni ndiyo, mara nyingi inarudi, na programu za kuirudisha hazigharimu hata shilingi. Jibu refu lina sharti moja: kifaa kilichokuwa na faili kiachwe kutumika mara tu hasara inapogunduliwa. Watu wengi hupoteza faili mara mbili, na ile mara ya pili ndiyo isiyo na dawa.

## Kinachotokea faili inapofutwa

Kompyuta huhifadhi kila faili kwa pande mbili. Upande mmoja ni maudhui: maneno ya barua, rangi za picha, sauti ya wimbo. Upande wa pili ni orodha inayoeleza jina la faili, ukubwa wake, na mahali maudhui yake yalipowekwa. Orodha hiyo pamoja na kanuni zake huitwa mfumo wa faili. Flashi na memori kadi nyingi hutumia mfumo uitwao FAT32 au ule wa exFAT. Diski kuu, yaani chombo cha ndani ya kompyuta kinachotunza kazi zote, hutumia NTFS ikiwa kompyuta ni ya Windows, na mara nyingi ext4 ikiwa ni ya Linux.

Amri ya kufuta hugusa orodha tu. Kwenye FAT32, herufi ya kwanza ya jina la faili hubadilishwa kwa alama maalumu, na nafasi zilizokuwa zimeshikwa nayo zikaandikwa kuwa ziko huru. Kwenye NTFS, rekodi ya faili hutiwa alama kwamba haitumiki tena. Maudhui yenyewe hubaki yalipokuwa. Ni kama rejista ya ardhi: jina la mwenye shamba likifutwa humo, shamba halisogei wala mahindi hayang'oki; hatari huanza pale mtu mwingine anapopewa hati ya shamba lilelile, naye akaingia na trekta.

Kufomati, yaani kuandaa kifaa upya kana kwamba ni kipya, hakuna tofauti kubwa na hilo ikiwa kumefanywa kwa haraka. Fomati ya haraka huandika orodha mpya tupu na kuacha maudhui ya zamani chini yake. Fomati kamili ni habari nyingine. Tangu Windows Vista, fomati kamili ya Windows huandika sufuri diski nzima, na baada yake hakuna programu ya kuokoa chochote. Kamera nyingi hufomati kwa haraka, na ndiyo sababu kadi iliyofomatiwa ndani ya kamera huwa na matumaini makubwa.

Juu ya mfumo wa faili kuna ngazi moja zaidi. Diski moja inaweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, kila moja ikajitegemea na kuwa na mfumo wake wa faili. Sehemu ya namna hiyo huitwa kizigeu, na Windows huvionyesha vizigeu kwa herufi kama C na D. Mipaka yake imeandikwa katika jedwali la vizigeu. Kwenye diski zinazofuata utaratibu wa zamani ulioanza na kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali hilo liko katika sekta ya kwanza, na sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho diski husoma kwa mara moja. Sekta hiyo ina baiti 512, na jedwali lenyewe ni baiti 64 tu, zenye nafasi ya vizigeu vikuu vinne. Baiti hizo 64 zikiharibika, diski ya gigabaiti 500 iliyojaa huonekana tupu. Utaratibu mpya, uitwao GPT, huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski, jambo ambalo limeokoa watu wengi bila wao kujua.

Kwa ufupi: kufuta, kufomati kwa haraka na kuharibika kwa jedwali ni hasara za orodha. Maudhui hupotea yanapoandikwa juu yake kitu kingine, au kifaa chenyewe kinapokufa.

## Ijulikane kwanza ni hasara ya aina gani

Kosa la mafundi wengi ni kukimbilia programu kabla ya kujua kilichotokea. Hasara huja kwa sura kadhaa, na kila moja ina njia yake:

- Faili zipo ila zimefichwa.
- Faili zimefutwa, lakini kifaa kinafunguka vizuri.
- Kifaa kimefomatiwa, au Windows inadai kifomatiwe kabla ya kutumika.
- Kizigeu kizima kimetoweka, au diski inaonekana kuwa na nafasi tupu isiyogawanywa.
- Kifaa kinasomeka kwa shida: kompyuta inaganda, nakala zinakwama njiani, diski inatoa mlio.

Hasara ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi kwenye saiba, na si hasara kabisa. Kuna virusi vya flashi vinavyoenea kwa kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia vifaa vya wateja. Flashi ikichomekwa, virusi hivyo huficha folda zote na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwenye flashi huona vijialama vyenye mshale mdogo, anabofya, na badala ya kufungua kazi yake anaviamsha virusi. Wapo wanaofomati flashi papo hapo wakidhani kazi imekwisha, kumbe ilikuwa imefunikwa tu.

Dawa yake haihitaji programu yoyote ya kuokoa. Kwenye kompyuta safi, dirisha la amri la Windows hufunguliwa na kuandikwa hivi, ikiwa flashi imepewa herufi G:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Amri hiyo huondoa alama za kuficha kwenye faili na folda zote. Linux hufanya kazi iwe rahisi zaidi, kwa sababu virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows na haviamki humo, na alama ya kuficha ya Windows kwa kawaida haizuii folda kuonekana. Faili zikishanakiliwa kwingine, ndipo flashi ifomatiwe.

Kuhusu simu, pa kuanzia ni ndani ya programu zenyewe. Google Photos huweka picha iliyofutwa kwenye pipa lake kwa siku 60 ikiwa ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti, na siku 30 kwenye simu za kisasa za Android ikiwa haikuhifadhiwa. Wengi hulipa fundi kwa picha ambayo ilikuwa inawasubiri humo.

## Mambo ya kuacha kufanya

Uokoaji mzuri huanza kwa kutofanya. Kifaa kisichoandikiwa kitu hakibadiliki. Kinaweza kukaa kwenye droo mwezi mzima na faili zikawa bado zipo. Kinachoziua ni shughuli za kawaida: kuendelea kupiga picha kwa kadi ileile, kuwasha kompyuta ileile na kuvinjari intaneti, kupakua programu ya kuokoa na kuisakinisha kwenye diski ileile iliyopoteza faili. Hili la mwisho linastahili kukaziwa. Windows yenyewe huandika mambo mengi chinichini kila inapowashwa, hata mwenye kompyuta akiwa hajagusa kitu.

Ujumbe wa Windows unaosema kifaa lazima kifomatiwe ujibiwe kwa kukataa. Vilevile chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, isiendeshwe kabla ya faili kuokolewa. Kazi ya chkdsk ni kuufanya mfumo wa faili uwe na mpangilio usiogongana, na kuokoa faili za mtu si jukumu lake. Ikikuta vipande visivyo na mwenyewe, huvitupa kwenye folda iliyofichwa iitwayo FOUND.000 kwa majina kama FILE0000.CHK, na aliyekuwa na barua mia huachwa na fumbo.

Kanuni iliyobaki ni kwamba faili zinazookolewa ziwekwe kwenye kifaa kingine, kamwe zisirudishwe kwenye kile kinachookolewa. Hii ina maana ya kuwa na diski au flashi ya pili yenye nafasi ya kutosha kabla ya kuanza.

## Programu huria na kwa nini zinatosha

Programu huria ni programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawa. Harakati za programu huria zilianzishwa na Richard Stallman huko Marekani mwaka 1983. Afrika Mashariki si wageni nazo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, jambo lililowezekana kwa sababu sheria za programu hiyo ziliruhusu mtu yeyote kuitafsiri. Programu za kuokoa faili zinazoelezwa hapa bado menyu zake ni za Kiingereza. Kwa hiyo maneno ya menyu yataandikwa kama yanavyoonekana kwenye kioo, na maana yake itaelezwa.

Ziko programu nyingine zinazotolewa bure ambazo si huria. Recuva ni mfano maarufu, na kwa faili iliyofutwa jana kwenye flashi inafaa. Za kuogopwa ni zile zinazotangazwa kuwa bure, zikachunguza diski kwa saa mbili, zikaonyesha picha zote zilizopatikana, halafu zikadai malipo kwa dola kabla ya kuzitoa. Nyingi hazifanyi chochote ambacho zile huria hazifanyi.

Programu huria nne ndizo za kujua. TestDisk, ya Mfaransa Christophe Grenier, hurekebisha majedwali ya vizigeu na kurudisha faili zilizofutwa. PhotoRec, ya mwandishi huyohuyo na iliyoanza mwaka 2002, hutafuta maudhui bila kujali orodha. Hizi mbili hupakuliwa pamoja katika furushi moja dogo. GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, hunakili diski zinazokufa. SystemRescue ni mfumo endeshi mzima wa Linux unaowashwa kutoka kwenye flashi, nao unabeba zote tatu ndani yake. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows. Faida ya SystemRescue ni kwamba diski ya kompyuta inabaki kimya wakati wote, na mtandao hauhitajiki, jambo lenye uzito mahali ambapo data hununuliwa kwa megabaiti.

## Picha za Agosti: kazi ya PhotoRec

Kila mwaka unaogawika kwa mbili, ifikapo Agosti, Wabukusu wa Sirisia na sehemu nyingine za Bungoma na Trans Nzoia huwapasha tohara wavulana wao. Ni msimu wa mavuno kwa wapiga picha. Kadi moja hubeba nyumba tatu au nne: kijana akizunguka kuwaalika jamaa, usiku wa nyimbo, alfajiri ya mtoni, uwanja wa nyumbani. Kadi ikijaa, mpiga picha huihamishia kwenye kompyuta, anaifomati, na kukimbilia nyumba inayofuata. Katika haraka hiyo kuna siku kadi hufomatiwa kabla ya kuhamishwa. Tukio lenyewe halirudiwi; kijana hatahiriwi mara mbili.

Kadi ya namna hii ndiyo PhotoRec ilitengenezewa. Programu hii haisomi orodha. Hupita sekta kwa sekta ikitafuta alama za mwanzo za faili zinazojulikana. Picha ya JPEG, kwa mfano, daima huanza kwa baiti zinazoandikwa FF D8 FF. Hati ya PDF huanza kwa herufi %PDF. Hati za kisasa za Word na Excel huanza kwa PK, kwa kuwa kwa ndani ni furushi la zip. PhotoRec inatambua aina zaidi ya 480 za viambishi vya majina ya faili, yaani zile herufi za mwisho kama jpg au docx. Ikikuta alama ya mwanzo, huchota maudhui hadi mwisho wa faili na kuyaweka pembeni.

Hatua zake ni hizi:

1. Kadi itolewe kwenye kamera na kuchomekwa kwenye kompyuta kwa kisomaji cha kadi. Ikiwa ina kijiswichi cha kufunga uandishi, kifungwe.
2. PhotoRec ifunguliwe na kadi ichaguliwe kwa ukubwa wake. Kadi ya gigabaiti 32 haiwezi kuchanganywa na diski ya 500 mtu akisoma kwa makini.
3. Kwenye File Opt, aina zisizohitajika ziondolewe. Mpiga picha abakize jpg, mov na aina ya picha ghafi ya kamera yake.
4. Kwenye swali la mfumo wa faili, Other ndilo jibu kwa FAT, exFAT na NTFS. Chaguo la juu yake ni la Linux.
5. Free hutafuta kwenye nafasi zilizo huru tu, na Whole hutafuta kadi nzima. Kadi iliyofomatiwa itafutwe yote.
6. Folda ya kupokea ichaguliwe kwenye kifaa kingine, na herufi C ibonyezwe.

Kwa kasi ya megabaiti 25 kwa sekunde, kadi ya gigabaiti 32 humalizika kwa dakika ishirini na kitu. Wasiopenda dirisha jeusi la maandishi wanayo QPhotoRec, ndugu yake mwenye vitufe vya kubofya.

Matokeo huwekwa kwenye folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea. Hapa wengi hukata tamaa bure: majina yote yamepotea, na picha zinaitwa f0123456.jpg na mfano wa hayo. Majina yalikuwa kwenye orodha, na orodha haipo. Tarehe ya kupigwa, hata hivyo, imeandikwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo programu ya kutazama picha inaweza kuzipanga kwa siku na saa, na nyumba zikatengana zenyewe. Pia zitatokea picha za msimu uliopita ambazo mwenyewe alishazisahau, na hilo ni jambo la kukumbukwa kabla ya kumpa mteja folda nzima.

Video ni ngumu zaidi. Faili kubwa huweza kutawanywa vipande vipande mahali mbalimbali kwenye kadi, na PhotoRec, isiyo na orodha, hudhani kila faili imekaa mahali pamoja. Tena video za MP4 huwa na faharasa, ambayo kamera nyingi huiandika mwishoni kabisa, rekodi inapofungwa. Betri ikizimika katikati ya kurekodi, faharasa haiandikwi, na kilichookolewa hakichezi. Kwa hali hiyo kuna programu huria iitwayo untrunc, inayotumia video nzima ya kamera ileile kama kielelezo cha kuunda upya faharasa. Hufaulu mara kadhaa, si kila mara, na mteja aambiwe hivyo mapema.

## Kizigeu kilichotoweka: kazi ya TestDisk

Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima kwa saa nyingi, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi ukawa gizani. Magharibi mwa nchi hakuhitajiki tukio kubwa hivyo. Mvua ya jioni inatosha. Kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme hukatwa ikiwa katikati ya kuandika, na kinachoandikwa wakati huo kinaweza kuwa orodha ya mfumo wa faili. Kizigeu hupotea pia kwa mkono wa binadamu: mtu anasakinisha Windows upya na kufuta kizigeu D chenye mitihani ya shule ya miaka mitano.

TestDisk hutafuta mipaka ya zamani. Kila mfumo wa faili huanza kwa sekta yenye alama zake na ukubwa wake, na TestDisk huipekua diski ikitafuta sekta hizo ili kukokotoa kizigeu kilianzia wapi na kikaishia wapi. Baada ya kuchagua diski, programu hubashiri aina ya jedwali. Intel ni utaratibu wa zamani na EFI GPT ule mpya, na ubashiri wake kwa kawaida ni sahihi. Kisha huchaguliwa Analyse, yaani chunguza, na Quick Search, yaani utafutaji wa haraka. Vizigeu visipoonekana vyote, Deeper Search huchimba zaidi, na diski kubwa inaweza kuchukua saa nyingi.

Hatua muhimu kuliko zote ni herufi moja. Kizigeu kikionekana kwenye orodha, ibonyezwe P, na TestDisk itaonyesha faili zilizomo bila kubadilisha chochote. Majina ya folda yakionekana sawasawa, kizigeu ndicho. Hapohapo faili zinaweza kunakiliwa kwenda diski nyingine: herufi ndogo a huzichagua zote, na C kubwa huzinakili. Zilizofutwa huonekana kwa rangi nyekundu.

Baada ya nakala kupatikana, na si kabla, ndipo Write ichaguliwe ili jedwali liandikwe upya na kompyuta iwashwe tena. Mafundi wengi huruka kunakili kwa sababu Write ni ya haraka na inapendeza. Ikifaulu, vizuri. Mtu akiwa amechagua kizigeu kisicho sahihi, ameongeza fujo juu ya fujo.

TestDisk ina kazi nyingine ndogo inayofaa flashi zinazodai kufomatiwa. NTFS huweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa kizigeu, na FAT32 huiweka sekta chache mbele. Kwenye Advanced, kisha Boot, TestDisk hulinganisha nakala hizo mbili, na Backup BS hurudisha ile nzima mahali pa ile mbovu. Flashi iliyokuwa imekufa asubuhi hufunguka na folda zote zikiwa na majina yake.

## Diski inayokufa: ddrescue kwanza

Hali ya hatari zaidi ni ya diski yenye ugonjwa wa mwili. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kinaweza kuwa na kompyuta moja yenye orodha ya wanachama, kilo walizopeleka na malipo yao, na kompyuta hiyo ikaanza kuganda dakika kumi kila faili inapofunguliwa. Hiyo si kazi ya TestDisk wala PhotoRec, bado. Kila dakika ya kupekua diski mgonjwa huipunguzia uhai.

Kinachotakiwa ni nakala ya diski nzima, yenye afya na isiyo na afya, katika faili moja kubwa iitwayo taswira ya diski. GNU ddrescue huifanya kwa akili: hukusanya kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka mbovu na kuziandika kwenye ramani, kisha hurudi kuzihangaikia mwishoni. Umeme ukikatika, ramani huiwezesha kuendelea ilipoishia. Amri mbili zinatosha, ikiwa diski mgonjwa imetambuliwa kama sdb:

ddrescue -n /dev/sdb kahawa.img kahawa.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb kahawa.img kahawa.map

Ya kwanza huchukua kilicho rahisi, na ya pili hurudia sehemu mbovu mara tatu. Herufi ya diski ihakikishwe kwa amri lsblk, inayoorodhesha diski zote na ukubwa wake, na folda iliyofunguliwa iwe kwenye diski nzima yenye nafasi ya kutosha. Taswira ikikamilika, diski mgonjwa hutolewa na kupumzishwa, na TestDisk au PhotoRec hufunguliwa kwa jina la taswira: testdisk kahawa.img.

Diski inayogonga kwa mlio wa tiki-tiki kwa kawaida imeharibika kichwa chake cha kusomea. Izimwe. Hakuna programu, ya bure au ya kulipia, inayoitengeneza, na kufungua kifuniko chake kwenye meza ya duka huingiza vumbi linaloimaliza.

## Pale programu zinapogonga mwamba

Diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, zinazoitwa SSD, zina tabia inayobadilisha hesabu zote. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, mfumo endeshi huiarifu SSD kila faili inapofutwa, nayo huzisafisha nafasi hizo yenyewe ili iwe na kasi baadaye. Faili iliyofutwa saa moja iliyopita huenda ikasomeka sufuri tupu. Kwa hiyo, kwa ajabu yake, laptopu ya zamani yenye diski ya sahani humpa mwenyewe nafasi nzuri zaidi ya kuokoa faili kuliko laptopu mpya.

Memori ya ndani ya simu za Android za miaka ya karibuni imefungwa kwa usimbaji, yaani maudhui yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, na simu haionekani kwa kompyuta kama diski. PhotoRec haifiki humo. Kadi ya nje iliyowekwa kwenye simu huokolewa kama ya kamera, ila ikiwa simu iliisimba. Vivyo hivyo diski iliyofungwa kwa BitLocker ya Windows: bila ufunguo wa dharura, ambao mara nyingi huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, hakuna la kufanya.

Kisha kuna flashi za uongo. Flashi yenye maandishi ya terabaiti moja inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana kwa kawaida ina gigabaiti chache, na kidhibiti chake kimepangwa kudanganya kompyuta. Nafasi halisi ikijaa, faili mpya hutupwa au huandikwa juu ya zile za kwanza huku kila kitu kikionekana sawa. Faili hizo haziokoleki kwa sababu hazikuwahi kuhifadhiwa. Programu huria ya F3 hufichua udanganyifu huu: f3write huijaza flashi tupu, f3read husoma na kulinganisha. Kila flashi na memori kadi mpya ipimwe hivyo kabla ya kupewa kazi ya maana.

## Siri za wenye faili

Fundi anayeokoa diski huona kila kitu: barua, picha za faragha, hati za kesi, taarifa za M-PESA. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumiwe kwa kazi iliyokusudiwa, na taswira ya diski iliyoachwa kwenye kompyuta ya duka ni taarifa za mtu. Makubaliano yawe wazi kabla ya kuanza: kifaa gani kitapokea faili, mteja aonyeshwe orodha kabla ya kulipa, na nakala ya fundi ifutwe kabisa mteja akishathibitisha kuwa faili zinafunguka.

Jambo hili linamhusu pia anayeuza kompyuta. Kenya hununua laptopu nyingi zilizotumika kutoka Ulaya, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, na kompyuta za namna hiyo zimefika hadi madarasani. Watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha matokeo mwaka 2003: kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilikuwa zimesafishwa ipasavyo, na nyingine zilikuwa na maelfu ya namba za kadi za benki. Wauzaji wengi walikuwa wamefuta au kufomati, wakadhani wamemaliza.

Kabla ya kuuza, diski ya sahani iandikwe sufuri yote, kwa fomati kamili ya Windows kutoka kompyuta nyingine au kwa programu huria ya nwipe. Mzunguko mmoja unatosha. Baada yake PhotoRec haitapata hata picha moja.